Rehani, Mateka na Fidia: Kuisoma Mabepari wa Venisi ya Julius K. Nyerere kama Kisa cha Uhalifu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Kambarage Nyerere ya tamthiliya ya William Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1969. Hoja inayojengwa ni kwamba tamthiliya hii, inaposomwa kwa Kiswahili, ni kisa cha uhalifu kinachosukumwa na ukata wa fedha, na kwamba uhalifu ulio katikati yake ni ndugu wa utekaji nyara. Mwili wa mtu unashikiliwa kwa ajili ya deni, wapenzi wake wanakuja na fedha za kumkomboa, mshikaji anazikataa, na mpango wote unamwangukia yeye aliyeupanga. Mpangilio huo wa matukio si mgeni kwa msomaji wa riwaya za uhalifu za Kiswahili. Msomaji aliyepitia Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), Kwa Sababu ya Pesa ya John Simbamwene (1972) au Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974) anafika katika Mabepari wa Venisi akiwa tayari na mazoea ya kuuliza nani anahitaji fedha, kwa ajili gani, na yuko radhi kufanya nini ili azipate.

Uhakiki uliozoeleka wa tafsiri hii umeelekea zaidi kwenye mambo mawili: ufundi wa mfasiri katika kuhamisha ushairi wa Kiingereza, na siasa ya jina la kitabu. Yote mawili ni ya msingi, na la pili litajadiliwa hapa. Hata hivyo, mijadala hiyo imeuacha msuko wenyewe pembeni, kana kwamba kila mtu anaujua na hauna la kusema. Makala haya yanashikilia kwamba msuko ndio unaosema, na kwamba ukisomwa kwa makini unaipinga ile hukumu nyepesi inayomfanya Shylock kuwa bepari pekee katika kitabu chenye jina la wingi.

Majina ya wahusika yameandikwa hapa kama yalivyo katika tamthiliya ya Kiingereza, ili msomaji aweze kulinganisha matini mbili bila kubabaika. Matukio yanarejelewa kwa sehemu na onyesho.

2.0 Mfasiri na Lugha ya Deni

Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Butiama ya leo ni wilaya yenye jina lake. Wakati huo ilikuwa ndani ya Musoma, na ni huko Musoma, katika shule ya Mwisenge, mtoto huyo alikoanzia masomo kabla ya kwenda Tabora, Makerere na baadaye Edinburgh. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Jambo hili hutajwa mara nyingi kama pambo la wasifu, lakini kwa mhakiki wa tafsiri lina uzito: mfasiri huyu alikuwa akisafiri kati ya lugha mbili ambazo zote alijifunza shuleni. Tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare, Julius Caezar, ilitoka mwaka 1963, naye akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Kwa hiyo rais aliyekuwa na nchi changa mikononi alirudi kwenye meza ya mfasiri, na safari hii akachagua tamthiliya ya wakopaji na wakopeshaji.

Katika jamii nyingi za Mara, ng'ombe ndiye aliyekuwa kipimo cha mambo ambayo leo tunayapima kwa shilingi. Mahari ilihesabiwa kwa ng'ombe, na ugomvi uliomwaga damu uliweza kutulizwa kwa ng'ombe. Hiyo haina maana kwamba mwili wa mtu ulikuwa bidhaa. Maana yake ni kwamba jamii ilikuwa na njia ya kuuondoa mwili katika hatari kwa kuweka mali mahali pake. Mali ilikuja ili kisasi kiondoke. Yeyote anayeifikia kesi ya Venisi akiwa na mantiki hiyo kichwani atashtushwa na jambo moja kuliko mengine yote: fidia imeletwa, tena maradufu, na mdai anaitazama tu.

Kiswahili chenyewe kinaisaidia hoja hii kwa namna ambayo Kiingereza cha Shakespeare hakiwezi. Kitenzi komboa hutumika kwa kitu kilichowekwa rehani, na hicho hicho hutumika kwa mtu aliyetekwa. Mtu hukomboa saa yake kwa mkopeshaji, na ndugu hukomboa mateka wao. Katika lugha hii, basi, rehani na mateka hukaa chumba kimoja, na mlango wao una ufunguo mmoja. Antonio anapoweka ratili ya nyama ya mwili wake kuwa dhamana ya dukati 3,000 kwa miezi mitatu, msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba mtu huyo amejiweka katika hali ya mateka. Sarufi ya deni katika lugha yake imekwisha kumwambia.

Tena hali hiyo si ya vitabuni tu. Mvuvi wa Musoma aliyepewa nyavu au injini na wakala wa samaki, kisha akawajibika kumpelekea wakala huyo kila atakachovua kwa bei ya wakala, anaijua rehani isiyo na maandishi. Na katika miaka ya karibuni Watanzania wameipa mikopo ya riba kubwa ya mitaani jina la kausha damu. Hakuna mfasiri aliyeketi kulibuni jina hilo. Limetoka kwa wakopaji wenyewe, nao wamefika palepale mahakama ya Venisi ilipofika, kwenye swali la iwapo mkataba wa fedha unaweza kudai damu.

3.0 Bepari ni Nani?

Neno bepari limeingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, ambako asili yake ni mfanyabiashara. Katika maana hiyo ya zamani, jina la kitabu ni tafsiri ya kawaida kabisa. Lakini Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutangazwa Februari 1967, mabenki yalitaifishwa siku chache tu baadaye, na miiko ya uongozi ilikuwa inamkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Kufikia mwaka 1969 neno hilo lilikuwa limebadilika kuwa jina la adui. Bepari alikuwa ndugu wa kupe, mwenye mirija, mnyonyaji. Mfasiri aliyekuwa mwandishi mkuu wa msamiati huo wa kisiasa hakuweza kulitumia neno bila kujua linabeba nini.

Kinachohitaji kutazamwa zaidi ni wingi wake. Mfanyabiashara wa jina la Kiingereza ni mmoja, naye ni Antonio. Wasomaji wengi wa Kiingereza humkosea na kumdhania kuwa Shylock, na Shakespeare mwenyewe anacheza na kosa hilo pale Portia anapoingia mahakamani na kuuliza yupi ni mfanyabiashara na yupi ni Myahudi. Kwa kuweka wingi, Nyerere anaifunga njia ya kosa hilo. Antonio ni bepari; Shylock ni bepari; Bassanio, ambaye hana hata senti, ni bepari kwa tamaa na kwa tabia; na vijana wanaowazunguka, ambao hawaonekani wakifanya kazi yoyote jukwaani, wanaishi kwa mabaki ya meza hiyo.

Hapa ndipo palipo na jambo zito. Kama jina lingekuwa la umoja, au kama msomaji atalisoma kana kwamba ni la umoja, Shylock atabaki peke yake na lawama yote. Katika Tanzania ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, lawama hiyo ilikuwa na mtu wa kumwangukia. Neno bepari lilikuwa na harufu ya Bara Hindi katika asili yake, na mwenye duka wa Kiasia alikuwa akionekana na wengi kuwa sura ya biashara yenyewe. Sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971 iliwagusa wenye nyumba wa jamii hiyo kwa wingi. Mhusika ambaye ni mgeni wa dini nyingine, anayeishi mjini kwa hisani ya sheria za kibiashara, anayetemewa mate sokoni na kisha kukopwa fedha na waliomtemea, angeweza kugeuzwa kwa wepesi kuwa kinyago cha jirani. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, wingi wa Mabepari ni kizuizi dhidi ya usomaji huo, na mhakiki anayeupuuza anaikosea haki matini na pia watu.

Yapo mashaka yanayostahili kujibiwa. Mtu anaweza kusema kwamba Antonio hakopeshi kwa riba, na kwamba ukarimu wake ndio unaomchukiza Shylock. Itakuwaje awekwe kapu moja naye? Jibu limo katika sehemu ya kwanza. Antonio anajua kwamba mali yake yote iko baharini. Hana fedha taslimu. Anayo sifa tu, naye anamtuma Bassanio akaitumie sifa hiyo mjini kwa kadiri itakavyovutika. Faida yake inatokana na mashua zilizotawanywa kuelekea Tripoli, Bara Hindi, Meksiko na Uingereza, yaani kutokana na kazi na maisha ya mabaharia ambao tamthiliya haiwataji kwa jina hata mmoja. Kutotoza riba ni fadhila ya kweli, lakini si ushahidi kwamba mtu yuko nje ya mfumo.

4.0 Ukata na Mshale wa Pili

Visa vya uhalifu vya aina hii huanza kwa mtu aliyebanwa. Katika Mabepari wa Venisi mtu huyo ni Bassanio. Ametapanya mali yake kwa kuishi maisha yaliyozidi kipato, anadaiwa na wengi, na anayemdai zaidi ni rafiki yake Antonio. Suluhisho analoleta ni kukopa tena. Anaeleza kwamba utotoni, alipopoteza mshale, alikuwa akirusha mwingine upande uleule kwa uangalifu zaidi, na kwa kuhatarisha yote miwili aliipata yote miwili. Mcheza kamari yeyote angeitambua hoja hii. Yeyote aliyewahi kuchukua mkopo wa pili ili kulipa wa kwanza angeitambua pia, ingawa huenda asicheke.

Lengo la mkopo ni Portia wa Belmont, mrithi tajiri. Bassanio anamtaja utajiri wake kwanza, kisha uzuri, kisha wema. Mpangilio huo unastahili kuzingatiwa kuliko matamko yake ya baadaye kuhusu mapenzi. Haimaanishi kwamba mapenzi yake ni ya uongo. Inamaanisha kwamba ndoa imeingia katika hesabu za mdaiwa, na kwamba fedha zinazotafutwa kwa Shylock ni gharama za kujionyesha tajiri ili kupata utajiri. Mpango wa aina hiyo, katika riwaya yoyote ya mjini, tungeuita utapeli.

Kisha unakuja mkataba. Shylock anakubali kukopesha bila riba na kwa mzaha anaomba ratili ya nyama ikiwa siku itapita. Wahakiki wamebishana iwapo mzaha huo ulikuwa mtego tangu mwanzo. Msuko unaunga mkono jibu la katikati. Shylock amekwisha kumwambia hadhira, kwa kando, kwamba akimpata Antonio pabaya atalisha chuki yake ya zamani. Lakini wakati huo hana njia ya kujua kwamba mashua zitapotea. Kilichopo ni chuki iliyopewa hati, nayo hati ni kama panga lililowekwa darini: halijamkata mtu, ila kila mtu ndani ya nyumba anajua liko wapi. Bassanio anaona hatari na kusitasita. Antonio anatia saini kwa furaha, kwa sababu mashua zitarudi mwezi mmoja kabla ya siku. Kujiamini huko ndilo kosa dogo ambalo visa vya uhalifu haviwezi kuendelea bila kuwa nalo.

5.0 Usiku wa Barakoa

Tukio la kumtorosha Jessica, katika sehemu ya pili, halipewi nafasi ya kutosha katika uhakiki. Husomwa kama kipande cha mapenzi kilichopachikwa ili kupunguza uzito. Ukilisoma kwa jicho la msomaji wa riwaya za upelelezi, utaona kwamba ni uhalifu uliopangwa vizuri kuliko mwingine wowote katika kitabu, na kwamba ndio unaoufanya ule wa ratili ya nyama uwezekane.

Tazama mpangilio wake. Shylock anaalikwa chakula cha usiku na Bassanio. Hataki kwenda, ameota mifuko ya fedha na moyo wake hauna amani. Anaenda hata hivyo, kwa chuki, ili kula mali ya mfujaji, na anamwachia binti funguo za nyumba na amri ya kufunga madirisha dhidi ya kelele za barakoa. Mtumishi Lancelot, aliyehama kutoka kwa Shylock kwenda kwa Bassanio, ndiye mpitisha ujumbe. Wenzake Lorenzo wanafika chini ya dirisha wakiwa wamejifunika nyuso. Jessica, aliyevaa nguo za kiume, anarusha kijisanduku cha mali, kisha anarudi ndani kuongeza dukati. Mwaliko ulimwondoa mwenye nyumba. Mtumishi alitoa habari. Barakoa zilificha sura. Ufunguo ulitoka ndani. Kanuni ya Adhabu ya nchi yoyote ingepata shughuli usiku huo.

Jessica anaondoka kwa hiari yake, na hiyo inatofautisha kutoroka na kutekwa. Kiswahili kinazo torosha na toroka, na pengo kati yake ni nafsi ya binti mwenyewe. Lakini kwa Shylock, aliyerudi akakuta nyumba tupu, pengo hilo halipo. Amechukuliwa binti na fedha kwa mkupuo mmoja, na waliomchukulia ni watu wa Antonio. Habari za kilio chake mitaani, ambamo binti na dukati vinachanganywa hata mtu asijue analilia kipi, zinatufikia kupitia Solanio, mtu anayemchukia na anayesimulia kwa kejeli. Hadhira haikuyasikia maneno yale kutoka kinywani mwa Shylock. Ushahidi wa kusikia kutoka kwa adui ni ushahidi dhaifu, nasi tumeupokea kwa muda mrefu bila kuuliza.

Tunachosikia moja kwa moja ni mazungumzo yake na Tubal katika onyesho la kwanza la sehemu ya tatu. Hapo hana utakatifu: anatamani binti afe miguuni pake akiwa na vito masikioni. Kisha Tubal anamwambia kwamba Jessica ametoa pete ili apate nyani. Pete hiyo Shylock alipewa na Leah kabla hajaoa, naye anasema asingeitoa hata kwa nyika nzima ya nyani. Hiki ndicho kitu pekee katika tamthiliya ambacho Shylock anakataa kukipa bei. Katika mazungumzo hayohayo Tubal anampa habari mbili kwa zamu, hasara ya binti na hasara ya Antonio, moja ikimchoma na nyingine ikimfurahisha, hadi zinaungana kichwani mwake. Ni humo ndani ya mazungumzo hayo anapoamua kwamba mzaha wa zamani utakuwa hukumu. Anamtuma Tubal akamlipie askari wa kumkamata Antonio siku 14 kabla ya deni kuiva. Kwa lugha ya upelelezi, hapo ndipo nia na fursa zilipokutana.

6.0 Fidia Inayokataliwa

Katika onyesho la tatu la sehemu hiyo Antonio anaonekana barabarani akiwa chini ya mlinzi wa gereza. Sasa ni mateka bila tafsida. Anatoa maelezo ambayo ni muhimu kuliko hotuba nyingi maarufu za tamthiliya hii: Mtawala hawezi kuzuia sheria, kwa sababu wageni wanafanya biashara Venisi kwa kuamini kwamba mikataba yao italindwa, na biashara ya mji inategemea mataifa yote. Kwa maneno mengine, mji unashikilia kisu pamoja na Shylock. Mwili wa raia mmoja ni bei ambayo mfumo uko tayari kuilipa ili mkopo uendelee kuaminika. Nadhani hakuna mahali pengine katika kitabu ambapo jina lake la wingi linathibitishwa kwa uwazi kama hapa, na linathibitishwa na mhanga mwenyewe.

Habari zikifika Belmont, Portia anauliza kiasi cha deni na kushangaa kwamba ni kidogo. Alipe 6,000, aziongeze mara mbili, kisha mara tatu. Mahakamani Bassanio anamtolea Shylock mara mbili ya deni, na baadaye anasema yuko tayari kufika hata mara kumi. Kwa mantiki ya utekaji wa kawaida, kisa kingeishia hapo. Mtekaji mwenye akili huchukua fedha na kutoweka. Shylock anakataa. Anapoulizwa sababu, anakataa kuitoa pia, anasema tu kwamba ndivyo moyo wake ulivyopenda, kama mtu asiyevumilia paka. Halafu anawageuzia kibao wazee wa Venisi: wanao watumwa walionunua, wanawatumia kama punda na mbwa, mbona hawawaachi huru na kuwaoza binti zao? Watajibu kwamba watumwa ni mali yao. Basi na nyama hii ni mali yake, ameinunua kwa ghali.

Hakuna anayemjibu. Mtawala anabadilisha mada na kuuliza kama mwanasheria amefika. Msomaji wa Afrika Mashariki, mwenye Bagamoyo na Zanzibar katika historia yake, hawezi kupita hapo kwa haraka. Hoja ya Shylock si utetezi wa utumwa, wala si shambulio dhidi yake. Ni kioo kilichoinuliwa na mtu asiye na nia njema. Mji unaomiliki miili ya watu unamshtaki yeye kwa kutaka ratili moja. Kwa kadiri mwandishi anavyoona, mhusika huyu ameacha kuwa bepari kwa wakati huo. Bepari angechukua dukati 6,000. Amefika mahali ambapo fedha hazinunui tena, na hapo ndipo anapokuwa wa hatari zaidi, kwa sababu njia ya fidia, ambayo ndiyo hutuliza ugomvi kabla haujawa msiba, imezibwa.

Anayeokoa hali ni Portia, na namna anavyoiokoa haina usafi mkubwa. Amejigeuza kuwa daktari wa sheria. Mitaani kwetu mtu anayejifanya wakili bila kuwa wakili huitwa kishoka, naye kishoka huyu ana maslahi katika kesi: mdaiwa amefungwa kwa ajili ya mume wake. Anaanza kwa kuomba rehema, anaendelea kwa kukiri kwamba hati ni halali, anamwacha Shylock anoe kisu na kumsifu hakimu kijana, na ndipo anapofichua kwamba hati inataja nyama tu. Damu haimo. Akimwaga tone moja, mali yake yote itatwaliwa na dola.

Katika Kiingereza hoja hiyo ni mtego wa maneno wa kisheria. Katika Kiswahili cha mwaka 1969 ina mwangwi mwingine. Lugha ya Ujamaa ilikuwa imemfundisha mwananchi kumtambua mnyonyaji kwa damu: kupe hunyonya damu, mirija hupitisha damu. Msikilizaji wa wakati huo aliyesikia kwamba mkopeshaji anaruhusiwa nyama bila damu angetambua, pengine kwa kicheko, kwamba mnyonyaji amezuiwa kwa neno lilelile alilopewa kuwa jina. Haijalishi kama mfasiri alilikusudia hilo. Lugha ilikuwa imekwisha kulipanga.

Lakini hukumu haiishii hapo, na hapa kicheko kinapaswa kukauka. Portia anaongeza sheria nyingine, inayomhusu mgeni aliyekusudia kumuua raia: nusu ya mali kwa aliyekusudiwa, nusu kwa hazina ya dola, na maisha yake mikononi mwa Mtawala. Sheria hiyo ilikuwapo muda wote, na hakuna aliyeitaja wakati Antonio akiomboleza. Shylock anasamehewa uhai. Antonio anaomba nusu yake iwe amana kwa ajili ya Lorenzo, yule aliyemtorosha binti. Anataka Shylock abatizwe. Na anataka aandike hati kwamba chochote atakachokufa nacho kitakwenda kwa Lorenzo na Jessica. Shylock anasema hajisikii vizuri, wampelekee hati nyumbani, atatia saini. Mpango wake umekufa, na aliyetaka mwili wa mwenzake ametwaliwa mali, dini na urithi kwa hati moja. Usahihi wa kisheria wa jambo hilo ni wa kujadiliwa. Sura yake haibishaniwi: ni fidia, na safari hii imekusanywa na waliokuwa mateka.

7.0 Belmont, Usiku

Wako wanaoishia mahakamani wanapofundisha au kuigiza tamthiliya hii, kana kwamba sehemu ya tano ni ziada. Ina utani wa pete, ambao unaweza kupitwa haraka. Ina pia barua ambayo Portia anamkabidhi Antonio, ikisema kwamba mashua zake tatu zimefika bandarini zikiwa na mali. Portia anakataa kueleza aliipataje. Mwandishi wa riwaya ya uhalifu akileta barua ya namna hiyo katika ukurasa wa mwisho, wasomaji wake wangemrudishia kitabu, Shakespeare anasamehewa. Ila barua hiyo inamaanisha kwamba hasara iliyotia kisu mkononi mwa Shylock haikuwa kamili. Deni lilikuwa na namna ya kulipika, kama kungekuwa na mtu wa kusubiri, na kusubiri ndiko kulikokwisha katika nyumba iliyovunjwa usiku wa barakoa.

Kabla ya barua hiyo kusomwa, Lorenzo na Jessica wameketi chini ya mwezi, wakitajiana wapenzi wa hadithi za kale. Hakuna jozi hata moja kati ya walizozitaja iliyopata mwisho mwema. Wanamuziki wanaitwa. Jessica anasema kwamba kamwe hachangamki asikiapo muziki mtamu. Lorenzo anampa hotuba ndefu juu ya nguvu ya muziki na juu ya hatari ya mtu asiye na muziki moyoni. Baadaye Nerissa analeta hati ya Shylock, na Lorenzo anaipokea kwa shukrani, akiifananisha na mana inayoangushwa mbele ya watu wenye njaa. Jessica yuko jukwaani. Mali iliyotajwa ni ya baba yake, na mtu aliyeitia saini amelazimishwa kuacha dini aliyomlelea. Tangu maneno yake kuhusu muziki, Shakespeare hakumpa neno jingine, na mfasiri wa Butiama hakumwongezea.